Helikopta ikibeba mzigo, ajali huanzia chini

Mhariri,

Kila zinapotajwa nguzo za kupandishwa kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, au vifaa vya mnara wa simu vya kupelekwa Ukerewe na Ukara, hakosi mtu wa kuuliza kwa nini isikodiwe helikopta ikamaliza kazi asubuhi moja. Swali ni la haki. Pale gari lisipofika na winchi isipokuwa na pa kusimama, helikopta inafika. Lakini kuning'iniza mzigo karibu na ardhi ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote za chombo hicho, na ajali zake nyingi huandaliwa chini, kabla pangaboi halijazunguka. Tunaomba nafasi tuwaeleze wanaotoa tenda mambo wanayopaswa kuyaulizia.

La kwanza ni uzito, na Mwanza ina hesabu yake. Uwanja wetu wa ndege uko takribani mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ile ya kiwango inayotumika kwenye vitabu vya ndege kwa usawa wa bahari. Helikopta hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 1,900. Ndoano ya mzigo ya Airbus H125, helikopta ya injini moja inayotumika sana kwa kazi hizi duniani, imeidhinishwa hadi kilo 1,400. Mkandarasi akiiona namba hiyo kwenye kipeperushi, anafunga mizigo ya kilo 1,400. Kumbe hiyo ni nguvu ya ndoano tu. Haisemi injini na pangaboi vitaweza nini saa saba mchana pale Bugando. Jedwali la kusoma kwenye kitabu cha helikopta ni lile la uzito inaoweza kubeba ikisimama hewani mbali na ardhi, kwa mwinuko na joto la saa ya kazi. Wapo marubani wanaopima nguvu kwa kusimama mita mbili juu ya uwanja, wakaridhika. Chini pale hewa inayosukumwa hugota ardhini na kuisaidia helikopta. Ukiwa na kamba ya mita 30, msaada huo haupo.

Mzigo upimwe kwa mizani, usikisiwe kwa macho. Mita moja ya ujazo ya zege hukaribia kilo 2,400, na mchanga ulionyeshewa usiku si mchanga wa jana. Halafu kuna mafuta: lita 100 za mafuta ya ndege ni kama kilo 80, hivyo kuna kishawishi cha kujaza kidogo ili kubeba zaidi. Ndiyo maana injini kuzimika kwa kuishiwa mafuta ni ajali inayojirudia katika kazi hii. Muulizeni mwenye helikopta atajaza mara ngapi, wapi, na ni kiasi gani cha akiba hakiguswi.

Kwenye mikanda ya kufungia, watu wengi hupuuza pembe. Mzigo wa kilo 600 ukishikwa na mikanda miwili iliyosimama wima, kila mkanda unabeba kilo 300. Mikanda ikilala hadi nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unavutwa kwa nguvu ya kilo 424. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unavutwa kwa kilo 600, yaani uzito wote. Mkanda mfupi huonekana nadhifu, nao ndio unaokatika.

Sasa hatari ambayo wasiokuwa wa kazi hii hawaitarajii: kamba tupu. Mzigo ukishashushwa, rubani anarudi kuchukua mwingine, na kwa kuwa kachoka au analipwa kwa idadi ya mizigo, anaongeza mwendo. Kamba nyepesi isiyo na kitu mwishoni haibaki ikining'inia. Upepo wa mwendo huilaza nyuma, ikaanza kupigapiga na kupanda, hadi ikaguse pangaboi la mkiani. Likivunjika hilo, helikopta huanza kujizungusha yenyewe, na kwa urefu wa mita 40 hakuna muda wa kurekebisha. Kinga ni rahisi: kamba iwe fupi kiasi kwamba haiwezi kufika mkiani, au kama ni ndefu, iwe na ndoano nzito au uzito mwingine mwishoni, na mwendo wa kurudi uwe umeandikwa na kuheshimiwa. Aina ya kamba nayo ina maneno. Nailoni huvutika, ikikatika chini ya mzigo huruka juu kuelekea kwenye pangaboi kuu. Zitumike kamba zisizovutika.

Wakati wa kunyanyua, kamba ilazwe mbele, pale rubani anapoiona, na mtu wa chini athibitishe kwa redio kwamba haikupita juu ya chuma cha mguu wa helikopta. Ikipita hapo, mzigo hauvuti tena katikati, unavuta ubavuni, na helikopta hupinduka kabla haijaacha ardhi vizuri. Ikishaanza kulala, dawa ni kushusha nguvu mara moja, wala si kupambana na usukani. Rubani apande wima polepole mpaka kamba inyooke, ndipo mzigo uguswe. Kila siku, kabla ya mzigo wa kwanza, njia zote mbili za kuachia ndoano zijaribiwe: kitufe cha umeme na ile ya kuvuta kwa mkono. Injini ikizimika helikopta ikiwa imesimama hewani, haina mwendo na haina urefu wa kutosha kutua salama. Kuachia mzigo papo hapo ni sehemu kubwa ya nafasi iliyobaki.

Mzigo mwepesi usiwadanganye. Tenki tupu la plastiki au bunda la mabati lisilofungwa sawasawa lina shida kuliko mfuko wa saruji, kwa sababu hushika upepo, huzunguka na kuyumba. Kwenye kamba ya mita 30, mzigo huenda na kurudi kwa takribani sekunde 11, na rubani anayeukimbiza kwa usukani huzidi kuukuza.

Upepo wa ziwa unajulikana na kila mvuvi: asubuhi hutoka nchi kavu, jua likipanda hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Rubani aliyeanza saa moja akiukabili anaweza kujikuta saa tano anashuka ukimsukuma mgongoni. Akishuka wima kwa zaidi ya mita 90 kwa dakika bila mwendo wa mbele, anaweza kuzama katika hewa aliyoivuruga mwenyewe, na kuongeza nguvu huzidisha kuanguka. Bendera ya upepo iwepo pande zote mbili, pa kuchukulia na pa kushushia.

Kuhusu wakazi, helikopta ya tani mbili na nusu husukuma chini upepo unaoweza kufika kilometa 80 kwa saa. Mabati yaliyoshikiliwa kwa mawe kule Mabatini na Igogo yatang'oka. Njia ya mzigo isipite juu ya nyumba hata kidogo, ikaguliwe kwa miguu siku moja kabla, waya kwa waya, maana kutoka angani nguzo huonekana mapema kuliko waya. Iepuke pia mialo ya samaki. Mwewe na korongo wa Kirumba hawapishi.

Na kama njia inapita majini, kila aliyemo avae jaketi la kuokolea na ajue kulijaza upepo akishatoka nje tu, kwa kuwa helikopta ikitumbukia hupinduka: injini na mitambo mizito iko juu. Boti iwe ziwani, injini inanguruma, kabla mzigo wa kwanza haujanyanyuliwa. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilipoanguka ziwani, wavuvi ndio waliowahi kuifikia. Mkandarasi asiwahesabu hao kuwa ndio mpango wake wa uokoaji. Boti aikodi na ailipie.

Mafundi na wafungaji mizigo,
Mwanza