Ukinyanyua gari dogo, pima na shafti zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nichangie makala yenu ya magari iliyofundisha namna ya kunyanyua gari dogo kwa spesa, yaani vipande vinene vinavyowekwa juu ya shokapu. Mwandishi alieleza vizuri: fungua nati za juu za shokapu, weka spesa, rudisha nati, gari limepanda. Tumbo halikwaruzi tena matuta. Sina ugomvi na hilo, wala siwalaumu wanaotaka gari refu, maana mwenye gari dogo anapita mashimo yaleyale anayopita mwenye gari kubwa. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba makala iliishia kwenye nati ya mwisho na haikugusa kabisa mtetemo unaofuata. Mimi ni fundi wa shokapu na shafti, yale mafimbo ya chuma yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Magari haya huletwa kwangu yakishaanza kutetemeka, na mara nyingi mwenyewe ameshamaliza hela kununua vipuri badala ya vingine ambavyo havikuwa na kosa.

Nichukue gari moja tu. Ni la mwalimu wa shule ya msingi, gari la milango mitano, injini ndogo, linalovuta kwa magurudumu ya mbele. Lilinyanyuliwa sentimita 5 mbele na nyuma. Tangu siku hiyo, gari likiondoka kwenye taa, au likipanda mlima limebeba watu, pua yote inatikisika kushoto na kulia. Akiachia mafuta linatulia palepale, utadhani halijawahi kuwa na tatizo. Gereji ya kwanza ilimfanyia balansi ya matairi. Nyingine ikabadilisha jointi za nje za shafti. Nyingine ikaweka mauntingi mpya za injini, yaani mipira inayoishikilia. Mwisho akaambiwa kwamba gari likishanyanyuliwa ndivyo lilivyo.

“Fundi, wameniambia nizoee,” aliniambia.

“Mwalimu, kitu kinachokula chuma hakizoeleki.”

Nilimwomba tuzunguke naye kwanza, kwa sababu mtetemo unasema wenyewe unakotoka ukiusikiliza unapokuja na unapoondoka. Mtetemo ukija unapokanyaga mafuta na kuondoka unapoachia, usihangaike na matairi. Tairi lisilo na balansi halijui kama umekanyaga mafuta au umeachia; linajua mwendo tu. Ukija gari likiwa limesimama na injini inanguruma, tazama mauntingi. Ukija ukikanyaga breki, nenda kwenye diski. Gari la mwalimu lilitikisika kwa mafuta tu, zaidi kwenye gia ya kwanza na ya pili, na zaidi tulipokuwa na watu nyuma. Kabla sijashika spana nilishajua nitafungua jointi ya ndani, ile inayoingia kwenye giaboksi.

Niieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye shina la jambo lote. Shafti ya gari la kuvuta kwa mbele ina jointi mbili. Ya nje, iliyo kwenye gurudumu, imetengenezwa ikunjwe sana ili gari likate kona. Ikichakaa inagonga, ka-ka-ka, ukipinda usukani. Ya ndani kwenye magari mengi madogo ni tripodi: rola tatu zinazoteleza ndani ya kikombe chenye mifereji mitatu. Kazi yake ni kuiacha shafti irefuke na kufupika gurudumu linapopanda na kushuka. Shafti ikiwa karibu kunyooka, rola zinatembea kwa ulaini. Shafti ikilala kwa pembe kubwa huku injini inasukuma kwa nguvu, kila rola inalazimika kwenda mbele na kurudi ndani ya mfereji wake katika kila mzunguko, na msuguano wake unaisukuma shafti kwa ubavu. Rola ni tatu, kwa hiyo misukumo ni mitatu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kwa tairi la 165/70 R14, mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama mizunguko 6 kwa sekunde. Zidisha kwa tatu: misukumo 18 kila sekunde. Huo ndio mtikisiko aliokuwa anausikia mwalimu, na ndiyo maana ulikwenda kushoto na kulia badala ya juu na chini.

Sasa tuone sentimita 5 zinafanya nini. Magari mengi madogo yana shokapu za mbele za aina ya MacPherson, ambazo shokapu na springi ni kitu kimoja, na kwenye hizo spesa ikiwekwa juu, unene wake unakaribia kulingana na kimo ambacho gari litaongeza. Shafti fupi yenye sentimita 35 kati ya jointi na jointi, iliyokuwa imenyooka, ukiinua giaboksi sentimita 5 italala kwa zaidi ya digrii 8. Shafti ndefu ya upande wa pili, tuseme ya sentimita 60, italala kwa kama digrii 5. Na shafti nyingi hazikuwa zimenyooka tangu kiwandani. Zilikuwa tayari na pembe kidogo, kwa hiyo hesabu hiyo inaongezwa juu ya ile ya mwanzo. Ukibeba watu nyuma, nyuma inakaa na pua inapanda kidogo, pembe inazidi tena. Upande wa shafti fupi ndio huanza kulalamika.

Nilipovua buti la mpira la shafti fupi ya mwalimu, grisi ilikuwa nyeusi na nyepesi kama mafuta ya injini. Nikakifuta kikombe kwa kitambaa nikakigeuza kwenye mwanga. Ndani ya kila mfereji kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa pana, iling'aa, laini: hiyo ni njia ya miaka yote ambayo gari lilikaa kimo chake. Pembeni yake kulikuwa na nyingine nyembamba, yenye mikwaruzo, ambako rola zilihamia baada ya spesa. Nilipitisha ukucha kutoka njia ya zamani kwenda mpya, ukakwama kwenye ukingo. Nikamwita mwalimu naye apitishe ukucha wake. Rola zilikuwa zinapanda na kushuka ukingo ule muda wote anapokwenda kazini, na jointi ya nje aliyonunuliwa mpya ilikuwa pembeni pale, haina doa.

Tulitoa spesa za sentimita 5 tukaweka za sentimita 2.5. Pembe iliyoongezeka kwenye shafti fupi ikarudi kama digrii 4. Tukaweka tripodi mpya pamoja na kikombe chake, kwa sababu kuweka rola mpya kwenye mifereji iliyochimbika ni kuzipeleka kwenye kaburi la wenzake. Buti jipya, grisi inayotakiwa kwa jointi ya aina hiyo, kwa kiasi kinachotakiwa. Gari likatulia. Nilimwambia pia ukweli wote: likijaa watu na mlima ukiwa mkali, anaweza kuhisi kidogo, kwa kuwa bado lina kimo ambacho halikuzaliwa nacho.

Yapo magari ambayo mwenyewe anahitaji kimo chote cha sentimita 5, na kazi hiyo inawezekana, ila si kwa spesa za shokapu peke yake. Inabidi ile fremu inayobeba wishboni, yaani mikono ya chini inayoshika magurudumu, ishushwe nayo kwa spesa zake, na mauntingi za injini na giaboksi zishushwe kwa kipimo hichohicho, ili giaboksi ibaki karibu na usawa wa zamani na magurudumu. Hapo mhimili wa usukani, mabomba ya ekzosi na waya wa gia lazima vikaguliwe kimoja kimoja. Ni kazi ndefu. Anayekuambia ataimaliza wakati unasubiri kwenye benchi hajaifanya.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kabisa kwa macho, nalo linaniuma kwa sababu kulizuia hakugharimu chochote. Bushi za wishboni ni mpira ulioshikana na chuma cha ndani na cha nje. Hauzunguki, unajipinda tu. Fundi akikaza boliti zake gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mpira unakaa umejipinda mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa. Unapitisha kila mtikisiko wa barabara kwenye bodi, kisha unachanika mapema. Baada ya kunyanyua au kushusha gari, boliti zile zinatakiwa zilegezwe, gari likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe kwa mwisho. Kwenye shimo la gereji au kwenye rampu, ni kazi ya muda mfupi.

Mtetemo wa mwendo mkubwa ni habari nyingine. Huu unakuja kwenye usukani, tuseme kuanzia kilomita 80 au 90 kwa saa, na haujali mafuta. Wengi wanaonyanyua gari wanabadilisha na rimu. Rimu za kununua dukani mara nyingi zina tundu kubwa la katikati ili ziingie magari ya aina nyingi. Milimita 73.1 ni kipimo cha kawaida, wakati habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa, ya Toyota nyingi ndogo ni milimita 54.1. Nafasi hiyo inatakiwa kuzibwa kwa pete maalumu ili rimu ikae katikati ya habu. Bila pete unazitegemea nati peke yake, na nati zikikazwa gurudumu likiwa limekanyaga chini, au zikikazwa kwa kuzunguka moja baada ya nyingine badala ya kuvukana, rimu inakaa pembeni kidogo. Mashine ya balansi itakuambia tairi liko sawa, na litakuwa sawa kweli pale juu ya mashine.

Kwa nini usumbufu huu unachagua mwendo ule? Tairi lile nililolitaja, kwenye kilomita 90 kwa saa, linazunguka mara 13 na ushee kwa sekunde. Gurudumu la gari dogo pamoja na habu na breki yake lina tabia ya kuruka lenyewe kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Viwili vikikutana, kasoro ndogo inakuwa kubwa, na shokapu ndiyo inayotakiwa kuuzima mruko huo. Kwa hiyo ukiona balansi imefanywa vizuri, pete zipo, na usukani bado unatetemeka, kagua shokapu kabla ya kununua tairi. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, nayo isisahaulike: ukinyanyua gari, tairodi, zile fimbo zinazopinda magurudumu kutoka kwenye usukani, zinabadilika pembe, magurudumu yanafunguka au yanafunga, na tairi linalolika upande linaleta mtetemo wake lenyewe baada ya muda.

Kuhusu wanaoshusha gari, nitasema machache. Ukikata springi, zile koili zilizobaki zinakuwa ngumu zaidi ya mwanzo, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake. Ukiipasha moto kwa gesi ili ilale, umeua nguvu ya chuma. Mimi gari lenye springi iliyopashwa moto silifanyii alaimenti mpaka springi zitolewe, na nimegombana na wateja kwa ajili hiyo.

Ndugu Mhariri, magari madogo yanayovuta kwa mbele yalianza kuenea sana baada ya Mini ya mwaka 1959, na ile iliwezekana kwa sababu wahandisi walipata jointi ambayo shafti inapinda bila usukani kurukaruka mikononi. Kimo cha gari, urefu wa shafti na pembe ya jointi vilipangwa pamoja. Anayebadilisha kimo amebadilisha vyote vitatu.

Ombi langu kwa gazeti ni hili. Mnapoandika tena kuhusu spesa, waambieni wasomaji wapime pembe za shafti kabla na baada, gari likiwa limekanyaga chini. Hata simu yenye kipimo cha usawa inatosha. Waambieni pia gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yakining'inia, wapinde usukani mpaka mwisho pande zote mbili, wazungushe gurudumu kwa mkono, wasikilize kama shafti inakwama, kisha waangalie kama bomba la breki na waya wa ABS vimevutika. Na wanaouza spesa waandike kwenye boksi gari gani na sentimita ngapi mwisho wake. Sasa hivi boksi nyingi ninazoziona zimeandikwa unene na idadi ya matundu, basi. Mwalimu yule alinionyesha la kwake. Lilikuwa na picha ya gari juu ya jabali.

Wako,
Fundi wa shokapu na shafti, msomaji wa kila wiki