Barua kwa mwanangu aliyeko Tandika

Mwanangu,

Ujumbe uliingia Jumanne nikiwa nachambua maharage. Eti mimi ni mdhamini wako, na usipolipa jioni ile jina lako litatangazwa kwa kila anayekujua. Nikampa mdogo wako ausome tena, nikidhani ni macho yangu. Sijaweka saini popote. Ndipo akanieleza kwamba mtu akishakubali masharti ya hizo programu za mikopo za simu, wanabeba namba zote zilizomo kwenye simu yake. Yeye ndiye kanieleza, maana wewe hupokei.

Sijakasirika kwamba umekopa. Basi, nimekasirika kidogo. Lakini niambie, imebaki ngapi?

Novemba 2024 radio ilitangaza kuwa Benki Kuu imefungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni, nikajua yamekwisha. Hiyo yako sijui haimo kwenye 69 au imebadili jina. Wewe ndiye uliyesoma.

Nilipokuja kukuona, ile fremu ya vitenge ilinifurahisha, usidhani sikuona. Ulivyovipanga, na ulivyomrudisha yule mteja aliyekwisha kuondoka. Mimi nisingeweza. Ila nilikuuliza, una kikundi cha kuweka na kukopa? Ukacheka. Ukasema vikoba ni vya wamama wa Muheza, kukaa Alhamisi nzima kugombania faini ya shilingi mia tano.

Ndiyo, tunaigombania. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu. Hukopi zaidi ya mara tatu ya hisa zako, na wanaokudhamini umekaa nao mkeka mmoja, wanajua unauza nini na mzigo wako umekwama wapi. Ukichelewesha rejesho wanakuja hadi mlangoni. Watakusema hadi ulie, kisha watakaa wakupangie upya. Riba yenyewe mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe. Ukiuguliwa kuna mfuko wa jamii, na huo hauna riba. Hao wa simu ukiuguliwa wanakupigia hospitali.

Imebaki ngapi, mwanangu? Na ni hao tu, au kuna na kausha damu, wakopeshaji wa mtaani? Kama kuna mtu ameshika kitambulisho chako au kadi yako ya benki, sema sasa.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nayo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, haina riba, lakini wanataka kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Watakuzungusha, sikufichi. Sisi andiko letu la kuomba lilikuwa tayari, mwaka 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote, tukasubiri zaidi ya mwaka. Kwa hiyo si dawa ya deni la wiki hii. Lakini wale wenye fremu za jirani yako, yule wa cherehani na yule wa mafuta ya nazi, umewahi kuwauliza wao wanaweka wapi hela zao?

Najua utasema nani alikufundisha kuficha. Siku ile ulipokwenda kuomba unga kwa jirani, nilichokufanya unakikumbuka kuliko mimi. Jirani huyo huyo ndiye aliyenilipia marejesho mawili mwaka wako wa mwisho shuleni. Wewe nilikwambia nimeuza machungwa. Msimu ule hatukuvuna hata kapu.

Baba yako sijamwambia. Bati la jikoni linavuja tena upande wa meko, fundi anataka elfu themanini, atasubiri. Mwezi huu usitume kitu. Ile hela ya Idi uliyotuma, ulikopa? Nimewaza hilo usiku kucha, maana niliinunulia godoro, nalo ndilo ninalolalia.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Mdogo wako anataka viatu vya shule na hatamki, anavaa vya binamu yake vinavyombana.

Barua hii nimeitia ndani ya kiroba cha machungwa, kondakta nimemlipa. Mengine wape hao wenye fremu, usiyauze.

Nitapiga saa mbili usiku. Pokea, hata kama umekaa na watu.

Mama yako