Wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha wanatuua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme ya mtaani kwetu, Tandale, kabla masika hayajakolea. Kipindupindu kimeingia. Alhamisi alfajiri tulimkimbiza jirani yangu, mama wa watoto watatu, kwa bajaji. Saa nne usiku alikuwa bado anakaanga samaki barazani. Kufika saa kumi macho yameshazama, vidole vimesinyaa kama vya mtu aliyeshinda akifua, na anachoharisha ni maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mwanawe mkubwa alimnywesha ORS njia nzima, kijiko kwa kijiko. Tulipofika akatundikiwa dripu. Amepona, namshukuru Mungu.

Jumanne usiku ilikuwa imenyesha, na kama ilivyo mazoea, nyumba ya pili kutoka kwetu walitapisha choo. Kwa asiyejua: shimo lina tundu pembeni, limezibwa kwa gunia na udongo. Mvua ikishika kasi gunia linavutwa, kinyesi chote kinamwagikia mtaroni na kupita milangoni mwetu. Mabomba yetu ya plastiki yamelazwa humo humo mtaroni. Maji yakikatika, uchafu unapenya kwenye viungo vilivyolegea. Yakirudi, tunakinga ndoo na watoto wanakunywa. Siku hizi nachemsha hata ya kusukutulia.

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni hii hii kikasambaa karibu nchi nzima, hata Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 ili watu wote watoke kufanya usafi. Nami nilitoka na fagio langu, na nilijivunia siku ile. Lakini tulifagia barabara na kuzoa taka. Mashimo ya vyoo hakuna aliyeyafunua.

Aliyevuta gunia tunamjua. Tunanyamaza kwa sababu sisi ni wapangaji: umeshalipa kodi ya miezi sita, ukimsema mwenye nyumba unatolewa vyombo nje. Wenye nyumba nao wana neno moja la kweli, kwamba gari la majitaka halipiti kwenye vichochoro vyetu. Sawa, ila wapo vijana wenye pampu za mkono wanaonyonya shimo na kupakia mapipa kwenye guta. Gharama yao igawanywe kwa kaya zote zinazotumia choo kile. Mimi changu nitatoa hata leo.

Ninaomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa na bwana afya wapite nyumba kwa nyumba, mchana, wayaone matundu hayo na kusimamia yazibwe kwa saruji. Kumvizia mtu usiku wa mvua ni kujisumbua, umeme umekatika na kila mtu kajifungia ndani. Na mpangaji atakayetoa taarifa, jina lake lisitajwe mbele ya mwenye nyumba.

Jirani yangu amerudi juzi. Mtaro mbele ya mlango wake bado unanuka, na mwenye gunia hajaulizwa na mtu.

Mkazi wa Tandale,
Dar es Salaam