Donati za boga: mchele haukai mahali pa ngano kikombe kwa kikombe

Ndugu Mhariri,

Vuli ikiingia Marekani na Kanada, mapishi ya donati za boga husambaa kila kona, na siku hizi yapo hata ya Kiswahili kwa wasiokula ngano, mayai wala maziwa. Mengi yana shauri moja: toa unga wa ngano, weka wa mchele, kikombe kwa kikombe. Anayelifuata huishia na donati inayomeguka kabla haijafika mdomoni, tena yenye chengachenga kama mchanga.

Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa hutengeneza gluteni, utando unaovutika na kushikilia hewa. Yai nalo huganda kwenye joto. Ukiviondoa vyote viwili, lazima kitu kingine kishike kazi hiyo. Cha uhakika ni maganda ya mbegu za isapgoli (psyllium), yale yanayouzwa kwenye maduka ya Wahindi na maduka ya dawa kwa wenye choo kigumu. Yakilowa huwa ute mzito. Mbegu za kitani zilizosagwa husaidia, ila zenyewe tu hazitoshi kuushika mchele.

Kwa donati 12 tumia mizani, maana kikombe cha unga wa mchele hakina uzito sawa na cha mtama: unga laini wa mchele gramu 140, mtama mweupe gramu 60, wanga wa muhogo gramu 60, sukari gramu 140, isapgoli ya unga gramu 6, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini vijiko viwili vya chai, tangawizi na kungumanga nusu nusu, karafuu robo. Vya majimaji ni boga lililopondwa gramu 230, maziwa ya soya mililita 140 na mafuta mililita 70. Beking pauda ni vijiko viwili na nusu vya chai. Wanga wa muhogo si ule unga wa makopa wa ugali. Ule una nyuzinyuzi, hunywa maji mengi zaidi na huacha harufu. Isapgoli nayo usiizidishe, la sivyo donati itakuwa na utelezi ndani, na aina nyingine huugeuza mkate rangi ya zambarau.

Boga ndilo linalowaangusha wengi. Yale makubwa ya kuchongwa sura za Halloween yana maji mengi na ladha haba. Chukua dogo la kupikia, au butternut. Likate mara mbili, ulilaze kifudifudi kwenye trei, uoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi hadi kisu kipite bila kusukumwa, kama dakika 45. Liponde, kisha ulitundike kwenye kitambaa safi lichuruzike saa nzima. Ukijaza kijiko na kukigeuza, boga linatakiwa lisite kidogo kabla ya kudondoka. Ukinunua la kopo, soma lebo: linalotakiwa ni boga tupu, si lile la pai ambalo tayari lina sukari na viungo.

Changanya vyote isipokuwa mafuta na beking pauda, funika, acha dakika 20 hadi 30. Hapa ndipo chengachenga huondoka, kwa sababu chembe za mchele hunywa maji polepole. Mpishi wa vitumbua haloweki mchele usiku kucha kwa kupenda kusubiri. Kisha koroga beking pauda ndani ya mafuta, ambako haiwezi kuanza kuchemka, ndipo uimimine na kuchanganya upesi. Jaza kwa mfuko uliokatwa kona hadi theluthi mbili ya kila tundu la trei ya donati, lililopakwa mafuta. Oveni iwe imeshafika nyuzi 180. Dakika 14 hadi 16 zinatosha. Ziache kwenye trei dakika 10, halafu kwenye waya hadi zipoe. Ukiimega ikiwa moto utaiona mbichi, na si mbichi: wanga wake haujakaza bado.

Zipake mafuta kidogo kwa brashi, uzigaragaze kwenye sukari na mdalasini. Kwa asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, asali haifai, inatoka kwa nyuki. Hata sukari ya miwa, baadhi ya viwanda vya Marekani huisafisha kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Ya kiazisukari haipitii huko. Kwenye friji zitakauka haraka kuliko mezani, kwa hiyo za kesho kutwa zigandishe.

Ombi letu kwa safu yako ya mapishi ni hili: neno “bila gluteni” lisiandikwe kiholela. Marekani na Umoja wa Ulaya huruhusu chakula kiitwe hivyo kikiwa na gluteni isiyofikia, au isiyozidi, miligramu 20 kwa kilo. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni hudhuru utumbo, chujio lililochunga unga wa ngano, mwiko wa mbao, au meza iliyosukumiwa chapati asubuhi inatosha kumwumiza, hata kama unga wa donati ni mchele mtupu. Oti nazo, zisipokuwa na lebo hiyo, mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Mapishi yaseme hayo kabla ya orodha ya viungo, na yaandike gramu.

Waokaji wa nyumbani,
Toronto, Kanada