Barua kwa mwanangu: 641 ndani ya 4294967297

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na karatasi ya hesabu nimeipitia mstari kwa mstari. Umeigawa 4294967297 kwa 3, kwa 7, kwa 11, hadi 97, kila mara ukapata baki, basi ukaamua kuwa ni namba tasa. Kugawa umegawa sawasawa. Uamuzi ndio umeharakisha. Kwa njia hiyo ungetakiwa kuendelea hadi karibu na 65536, kilipo kipeuo chake cha pili, na kuanzia 2 hadi hapo kuna namba tasa 6542. Subira hiyo mama yako hana, na wewe nakujua!

Aliyeiamini namba hii kabla yako si mtu mdogo. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Wenzake wa ukoo huo waliotangulia, wenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16 (kila mara kikiongezeka maradufu), ni 3, 5, 17, 257 na 65537. Wote ni tasa, na mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat alidhani wanaofuata nao watakuwa hivyo hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaivunja: 641 × 6700417. Hadi leo namba tasa ya sita ya ukoo huo haijapatikana.

Sasa, usigawe kwa kila kinachokuja mbele yako. Namba hii ina masharti. Euler alithibitisha kwamba kila kigawo chake kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha 64 ukijumlisha 1. Baadaye mwanahisabati Édouard Lucas akakaza zaidi, akaweka 128 badala ya 64. Ziandike: 129, 257, 385, 513, 641. Humo tasa ni mbili tu, 257 na 641. La kwanza linakataa, la pili linaingia.

Tena 641 unaweza kuithibitisha bila kugawa kabisa, na hapa ndipo ninapopapenda. Angalia: 641 ni 640 + 1, na vilevile ni 625 + 16. Chukua 640 kwa kipeo cha 4, toa 1. Jibu ni (640 + 1) × (640 − 1) × (640 × 640 + 1), kwa hiyo 641 imo. Lakini 640 ni 5 × 128, hivyo 640 kwa kipeo cha 4 ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Chukua pia 641 mara 2 kwa kipeo cha 28. Humo nayo imo, hilo halina mjadala. Toa ile ya kwanza kutoka kwenye hii ya pili: 625 zinakatana, inabaki 16 mara 2 kwa kipeo cha 28, na 1 juu yake. Nayo ndiyo 4294967297, na kwa kuwa 641 imo katika zote mbili, imo pia katika tofauti yao.

Imebaki 6700417. Usiniulize kama ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na sharti la 128 bado linaibana, kwa hiyo wa kujaribu ni watano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Kwa 257 nimepata baki 170. Hao wanne nakuachia.

Mama yako