Anayefundisha kufungua afundishe pia kufunga

Mhariri,

Mwezi uliopita nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kutoka kituo kimoja cha kupokea maziwa huko Molo. Mizani inapima, risiti hazitoki, na wakulima wamepanga foleni na mitungi yao kwenye baridi ile ya Molo. Karani akazima mashine, akaiwasha, ikatii. Baada ya siku tano, mambo yakawa yale yale.

Programu ya mizani hiyo niliiandika mwenyewe kwa lugha ya C, kwa hivyo sina wa kumsingizia. Funksheni yangu, fungua_risiti, huita popen ili kuamsha programu ya kuchapisha. Kijana aliyekuwa kwangu kwa atachimenti alifunga kwa fclose, ya kufunga faili za kawaida, badala ya pclose, ya kufunga kilichofunguliwa na popen. Zote mbili hupokea kitu cha aina moja, basi kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikanyamaza. Lakini fclose haina wajibu wa kusubiri programu iliyoamshwa, na kwenye mashine ile haikusubiri. Programu isiyosubiriwa ikishamaliza kazi inabaki zombi: haifanyi lolote, ila imekalia nambari yake kwenye mfumo. Kila risiti, zombi mmoja. Nambari zilipokwisha, printa ikakosa wa kuiamsha.

Dawa yake ni mstari mmoja ambao GCC, kompaila ninayotumia, imeukubali tangu toleo la 11, mwaka 2021. Kwenye tangazo la fungua_risiti niliongeza:

__attribute__((malloc(funga_risiti, 1)))

Yaani, kinachotoka hapa hurudishwa kwa funga_risiti, funksheni ya kufunga kwa pclose, kikiwa hoja yake ya kwanza. Nilipokompaili tena, onyo la -Wmismatched-dealloc lilitokea bila hata kuliomba, likitaja mstari wenyewe. Ukiongeza -fanalyzer, agizo la kuitaka GCC ichunguze msimbo kwa kina, hata aliyesahau kufunga kabisa anaweza kunaswa. Vichwa (faili za matangazo) vya glibc, maktaba ya C ya Linux, vya siku hizi tayari vimeiwekea popen alama hii, lakini mimi nilikuwa nimeifunika ndani ya funksheni yangu, kwenye faili nyingine. Kompaila ingejuaje?

Kijana huyo alipita mtihani wa C vizuri tu. Aliniambia malloc na free, za kuomba na kurudisha kumbukumbu, walifundishwa kipindi kimoja, na atributi, alama kama ile niliyoongeza, hakuwahi kuzisikia. Nawaomba wakufunzi wa vyuo vya hapa Nakuru wamdai mwanafunzi kila anapoandika funksheni ya kufungua, aandike na ya kufunga, kisha aziunganishe kwa mstari huo kabla ya kupewa alama.

Anayetaka ile programu ya mizani kwa mfano wa darasani, pamoja na kosa lake, nitampa bure.

Fundi wa programu za mizani,
Lanet, Nakuru