Barua kwa Zuhura: Lenzi Kubwa Iache Kwanza

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na wote nyumbani. Barua yako imenifikia pamoja na zile picha tatu za shomoro. Unauliza kama ukinunua lenzi kubwa zaidi ule ukungu wa picha, yaani kufifia kwake, utaisha. Hautaisha, ndugu yangu. Hiyo uliyo nayo ya milimita 300 inatosha kabisa kwa bustani, na ukiongeza ukubwa utakuza na mtikisiko. Kinachokuponza ni mahali unapopigia, halafu kasi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga unapopiga.

Kwanza acha kumfuata ndege mtini. Mtu anayemjia moja kwa moja, tena akimkazia macho, kwake hana tofauti na paka. Mwache aje mwenyewe. Tafuta kona ambayo jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwako, weka hapo beseni la maji, kisha keti umbali wa mita 4 au 5. Kwa lenzi yako, shomoro hapo atajaa robo hadi theluthi ya upana wa picha, na hakuna haja ya zaidi.

Beseni liwe pana na la kina kifupi: sentimita 2 pembeni, 5 katikati. La plastiki huteleza, kwa hiyo tandaza mawe ndani, la sivyo ndege watakunywa wakining'inia ukingoni na hawataoga. Liweke mita 2 hivi kutoka kwenye kichaka. Hapo ndege ana pa kukimbilia, lakini paka hana pa kuvizia. Maji yabadilishwe kila siku na beseni lisuguliwe, maana yakikaa wiki nzima utakuwa unafuga mbu.

Sasa sikiliza hili, ndilo lenye picha. Ndege wengi hawashuki majini moja kwa moja. Hutua kwanza jirani, wakaangalia huku na huku, ndipo washuke. Basi chomeka tawi kavu, nene kama kidole, nusu mita kutoka kwenye beseni, na ulenge tawi hilo kabla hajafika yeyote. Tawi liwe moja tu. Ukiweka matatu, atachagua lile lenye ndoo na kamba ya nguo nyuma yake. Nyuma ya tawi acha mita 4 au zaidi bila kitu. Katika picha yako ya pili majani yamegusana na mkia wa ndege, kwa hiyo nayo yametoka makali, na ndege amepotelea humo.

Kabla ya kulaumu kamera, jifunze kuusoma ukungu wenyewe. Tawi likiwa kali lakini kichwa kimefifia, ndege alijigeuza na shata ilichelewa. Picha nzima ikiwa imevutika upande mmoja, ni mikono yako. Majani ya nyuma yakiwa makali kuliko ndege, ulengaji ulimruka. Picha zako mbili ni za aina ya kwanza, na moja iliyobaki ni ya aina ya tatu.

Dawa ya aina ya kwanza ni kasi. Anza na 1/1000 ya sekunde. Ndege anayeoga na kurusha matone anataka 1/2000 au zaidi. Tetere aliyejikunyata kivulini unaweza kumpiga kwa 1/250. Tundu la lenzi, pale mwanga unapopitia, liache f/5.6 au f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe mpaka kikomo cha 3200. Usiogope chembechembe zinazotokea ISO ikipanda. Hizo hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini jicho lililofifia halirudi. Dawa ya aina ya tatu ni kutumia nukta moja ya kulenga, ulengaji uwe wa kuendelea, yaani kamera izidi kumfuata ndege anaposogea, na nukta ikae juu ya jicho. Kisha inama mpaka lenzi iwe sawa na kimo chake. Picha inayopigwa kutoka juu huonyesha mgongo tu.

Ndege akitua juu kabisa, nyuma yake anga tupu, kamera itaona mwanga mwingi na kumfanya mweusi tii. Ongeza mwangaza kwenye kamera kwa hatua 1 hadi 1.5 (kila hatua ni mwanga mara mbili). Kwa njiwa mweupe aliye mbele ya majani meusi, fanya kinyume, punguza kama 0.7.

Chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, ana mambo yake. Ule mng'ao wa dume hautokani na rangi bali na muundo wa manyoya yanavyorudisha nuru, ndiyo maana akigeuka kidogo koo linakuwa jeusi kama masizi. Piga mfululizo mfupi kila anapogeuza kichwa. Katika picha nane, moja au mbili ndizo zitakazowaka.

Kuhusu darubini, 8x42 ni chaguo zuri: inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, hivyo huingiza mwanga wa kutosha hata alfajiri. Funga jicho la kulia, linganisha la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha funga la kushoto, linganisha la kulia kwa pete yake. Wengi huruka hatua hii, halafu hulalamika kichwa kinauma. Ukimwona ndege, usimwondolee macho. Inua darubini ije machoni.

Andika ulichoona kabla ya kufungua kitabu: ni mkubwa kuliko shomoro au mdogo kuliko njiwa, mdomo mnene wa mbegu au mwembamba uliopinda, anaruka kwa miguu miwili kama shomoro au anatembea kama njiwa. Rangi iandike mwisho. Madume wa aina nyingi za kwera, wale ndege wanaosuka viota, hupoteza manjano yao msimu wa kuzaliana ukipita, wakafanana na majike.

Viota viache kabisa. Ndege mwenye chakula mdomoni anayezunguka bila kuingia anakungoja uondoke. Na usikate majani ili kuona vizuri, kwani hayo ndiyo yanayowakinga makinda na jua na maadui.

Ukishapanga kona hiyo, nitumie picha tano kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuzikata wala kuzing'arisha, na uniandikie zilipigwa saa ngapi.

Wasalaam,
Rafiki yako Mwanaidi